Sitini na Tatu

Kocha Lyle Hatcher hakumfukuza kazi Wendell Combs kwa mdomo wake mwenyewe. Alimtuma mzee wa stoo, yule anayegawa jezi na soksi, ampelekee vitu vyake ndani ya boksi la viatu hadi kwenye maegesho ya magari, mbele ya wachezaji waliokuwa wakipanda basi kwenda likizo ya Krismasi. Mzee wa watu aliona aibu mpaka akashindwa kumtazama usoni. "Kocha kasema ufunguo uniachie mimi," alisema. "Unisamehe, mwanangu. Mimi nimetumwa tu."

Wendell alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Pale Chuo cha Ludmere alikuwa kocha msaidizi mdogo kuliko wote, akilala kwenye kochi la chumba cha kutazamia mikanda ya mechi, akifua jezi za watu, na usiku kucha akichora mipango ya kushambulia ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi. Mipango yake hiyo ndiyo iliyowafikisha Ludmere fainali. Dakika ya mwisho ya fainali Hatcher akaubadilisha mpango kwa kichwa chake, mpira ukadakwa na wapinzani, kombe likaenda kwa wengine. Waandishi wa habari walipomzunguka akajibu, "Nilimpa mtoto kazi ya mtu mzima. Kosa langu ni hilo tu."

Gazeti likayaandika hayo kama yalivyo. Na mama yake Wendell, Ardith Combs, akaikata habari ile kwa mkasi akaibandika kwenye mlango wa friji.

Mambo yalianzia pale kwenye friji, si uwanjani. Mama mwingine angelitupa lile gazeti jikoni likaungua, akampikia mwanawe chakula anachokipenda, akamwambia alale. Ardith hakuwa hivyo. Mumewe alishamwacha zamani akaoa huko jimbo la Indiana, mtoto alikuwa mmoja tu, na mtoto huyo ametupiwa vitu vyake kwenye boksi la viatu. Wendell aliporudi kwao Cutler Fork, hana kazi, kila alipofungua friji kutafuta maziwa alikutana na maneno ya Hatcher. Siku moja alitaka kukibandua kile kipande. Ardith akamshika mkono.

"Kiache hapo. Kikuume."

"Mama, nimeshakisoma mara mia."

"Kisome mara mia na moja."

Miaka mitatu Wendell alifundisha mpira shule ya sekondari ya pale milimani, shule ambayo kocha ndiye dereva wa basi na kocha huyo huyo ndiye anayekata nyasi za uwanja. Halafu Chuo cha Tolliver, kilicho bondeni chini ya mji, kikamchukua awe kocha mkuu. Walimchukua kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Timu yao ilikuwa imeshinda mechi mbili katika miaka mitatu, na baadhi ya wachezaji walikuwa na ndevu nyingi kuliko za kocha wao mpya.

Ili timu isimame alihitaji mrushaji, yule kijana anayepokea mpira kila shambulio linapoanza na kuamua uende wapi. Kijana aliyemtaka alikuwa Micah Stidham. Na mama yake Micah, Glenna, alikuwa rafiki wa Ardith wa miaka kumi na minne, wote wawili wakigawa chakula kwenye jiko la shule ya msingi, Ardith upande wa nyama na Glenna upande wa maharage.

Glenna hakutaka kusikia habari hiyo. "Huu mpira siupendi, Ardith. Unanichukulia mtoto mzima unanirudishia vipande. Shule ya sekondari nimevumilia mechi za kila Ijumaa. Sasa chuo, ambako wanaume wazima wanamrukia?"

"Siyo chuo cha watu baki. Ni Wendell."

"Wendell naye ni kocha. Makocha wote wamezaliwa na mama mmoja."

"Wendell nimemzaa mimi!" Ardith akacheka, akamgonga kwa mwiko. "Nisikilize. Mwanao atatunzwa kama mdogo wake. Siku ya mwisho atakapovua zile jezi, utamchukua mzima kama ulivyomleta. Anayekuahidi ni mimi, siyo yeye."

Kwa neno hilo Glenna akakubali. Mzazi unayesoma haya, likumbuke. Kocha alikuwa hajaahidi kitu. Aliyeahidi alikuwa Ardith.

Mwaka ule wa kwanza Tolliver ikakutana na Ludmere, timu ya Hatcher. Vyuo hivi viwili hukutana kila baada ya miaka mitatu tu, kwa hiyo Wendell aliingoja mechi hiyo kama mtu anayengoja hukumu. Hukumu ikatoka. Ludmere walifika pointi thelathini, wakafika hamsini, na katika mpira huu ukishamzidi mwenzako kiasi hicho unawatoa vijana wako wakubwa, unaingiza wale wadogo wasiopata nafasi, na dakika zikibaki chache mrushaji wako anaupokea mpira na kupiga goti moja chini. Akishapiga goti hakuna anayemgusa. Saa inakwenda, mchezo unakufa wenyewe, na kila mtu anajua umesema imetosha. Hatcher hakusema imetosha. Akiwa na hamsini na tano bado alikuwa anapeleka mashambulizi na vijana wake wakubwa, mpaka mwisho ukawa sitini na mbili kwa bila.

Kisha makocha wakakutana katikati ya uwanja kupeana mikono, kama ilivyo desturi. Hatcher hakumpa Wendell mkono. Alimpigapiga shavu. Ardith aliliona shavu la mwanawe likipigwapigwa kama la mtoto aliyeanguka na baiskeli.

"Kakwambiaje?" alimuuliza garini.

Wendell alijifuta shavu kwa kiganja. "Kasema, 'Bado tu, mwanangu?'"

Jumatatu yake Ardith akatafuta kalamu nene nyekundu, akaandika 63 chini ya kile kipande cha gazeti. Wendell alipokuja kula akaiona ile namba, hakuuliza maana yake. Alikaa akala nyama ya nguruwe na viazi mpaka akalamba sahani, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa miezi.

Ikawa ndiyo dawa yake. Mwaka wa pili timu ilishinda mechi nne, wa tatu saba. Mwaka wa nne walikuwa wamefungwa mara moja tu ilipofika Novemba, na magazeti ya mji mkubwa yakaanza kumtaja: kocha kijana wa Tolliver, miaka ishirini na tisa, angalieni huyu. Mechi ya mwisho ilikuwa nyumbani, Jumamosi mchana, na wageni walikuwa Ludmere.

Kwa Micah Stidham hiyo ilikuwa mechi ya mwisho ya maisha. Alikuwa anamaliza chuo na hakuwa na ndoto ya kucheza tena. Kampuni ya umeme ilikuwa imeshampa kazi ya kupanda nguzo, aanze Januari tarehe sita, na Glenna alikuwa amemwambia kila mtu aliyepita na sahani kwenye dirisha la jiko, hata watoto wa darasa la kwanza. Kazi ile inataka magoti mazima na mgongo mzima. Kampuni ilishampima na kumpitisha.

Alhamisi Ardith akawaalika nyumbani kwake wachezaji wa mwaka wa mwisho, kama alivyofanya kila msimu. Walikuja wanane, wakaijaza sebule mpaka viti vikalia. Aliwapikia kuku wa mchuzi na madonge ya unga, maharage, na mkate wa mahindi.

"Bi Ardith," alisema Micah, "leo umetutia chumvi kama unatutayarisha kwa kukaushwa."

"Kula ukae kimya. Mtu anayeenda kukaa juu ya nguzo kama kunguru anamfundisha nani kupika?"

Wenzake wakaangua kicheko. "Kunguru Stidham! Umeme ukikatika tunamwita kunguru!"

"Mtanililia nyie," alisema Micah. "Theluji ikidondosha waya mkae gizani, mtaniita bwana."

Alikuwa kijana wa hivyo, mwenye jibu kwa kila mtu na asiyemkasirikia yeyote. Alipoaga alimbusu Ardith kipajini, akabeba bakuli la madonge kumpelekea mama yake.

Wendell akabaki kumsaidia mama yake kuosha vyombo. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kusema jambo.

"Mkuu wa chuo kaniita leo," alisema mwishowe. "Kasema tukiwazidi Ludmere nisiwaaibishe. Eti chuo ni cha kanisa."

"Wao walipokupiga sitini na mbili, kanisa lilikuwa wapi?"

"Ndiyo hivyo." Alikausha sahani ileile mara mbili. "Mimi nilifikiri hivi, mama. Tukiwa mbele robo ya mwisho ya mchezo, namtoa Micah. Ana kazi yake Januari. Sitaki Glenna aje aniulize."

Hapo, mbele ya lile sinki, Ardith angeweza kusema neno moja tu. Angesema, "Umefikiri vizuri, mwanangu." Hakuna mtu angejua kama kulikuwa na njia nyingine. Lakini alikuwa amelishwa na ile namba nyekundu miaka mitatu, na sasa ilikuwa karibu mkononi.

"Mtoe," alisema. "Ukishafika sitini na tatu, mtoe."

Wendell akamtazama. Halafu akatabasamu, tabasamu la mtoto aliyeruhusiwa. "Sawa, mama."

Jumamosi kulikuwa na jua la baridi. Kabla ya mechi, wachezaji wa mwaka wa mwisho huitwa mmoja mmoja, kila mmoja anatembea na mama yake mpaka katikati ya uwanja, na mama anapewa ua. Glenna alitembea na Micah, kichwa chake hakifiki hata begani mwa kijana, ameukamata mkono wake kama wanavuka barabara. Aliporudi jukwaani akakaa karibu na Ardith na ua lake la njano, machozi yakimtoka na huku anacheka.

"Masaa matatu," alisema. "Nikimpata mzima leo nimemaliza. Sitakanyaga uwanja tena hata wakinipa keki."

"Utampata."

"Uliniahidi."

"Nimekwambia utampata, Glenna. Kula karanga."

Mchezo wenyewe, kwa Ardith, ulikuwa karamu. Wendell alikuwa amemsoma Hatcher kwa miaka saba kama watu wanavyosoma Biblia, na alijua kila ishara ya mikono aliyowapa vijana wake, maana zile ishara nusu yake alizibuni yeye mwenyewe, na yule mzee kwa kiburi chake hakuzibadilisha hata moja. Kila Ludmere walipotaka kwenda kushoto, Tolliver walishafika kushoto. Mpira ukivushwa mstari wa mwisho ni pointi sita, na teke la kuongezea ni moja. Saba. Kumi na nne. Ishirini na moja. Micah alirusha mipira kama anatupia kuku mahindi.

Safu ya mbele kulikuwa na bwana mmoja wa Ludmere aliyekuja na kengele ya ng'ombe, na mwanzoni alikuwa ameipiga mpaka watu wameziba masikio. Ilipofika thelathini na tano Ardith akainama akamgusa bega.

"Baba, vipi, ng'ombe amekufa?"

Jukwaa zima likacheka. Yule bwana akageuka mwekundu. "Mchezo haujaisha, bibi."

"Ndiyo, haujaisha. Tulia uone."

Mzee Purcell wa duka la matairi, aliyekaa nyuma yao, akapaza sauti. "Hatcher! Mtoto yuko wapi wa kumsingizia leo?"

Ardith alikuwa hatazami mpira tena. Alikuwa anamtazama Hatcher. Alimwona akitafuna kijiti chake, akamwona pia alipokitema. Robo ya tatu Hatcher akawatoa vijana wake wakubwa akaingiza wadogo, watoto wa mwaka wa kwanza wenye shingo nyembamba. Alikuwa ameshakubali. Mtu mwingine angetosheka. Ardith alihisi kama mtu aliyewekewa chakula halafu kikaondolewa kabla hajashiba.

Robo ya mwisho ilianza ikiwa hamsini na sita kwa sita. Wendell akamtoa Micah.

Glenna alimwona mwanawe akivua kofia ngumu, akivaa kofia ya kitambaa, akikaa kwenye benchi na chupa ya maji. Alishusha pumzi ndefu mpaka mabega yakadondoka. "Basi," alisema. "Basi, nimempata. Ardith, nimempata!" Akamkumbatia. Ardith naye akamkumbatia, na macho yake yakiwa juu ya bega la Glenna yalikuwa yanatazama ubao wa pointi. Hamsini na sita.

Wale vijana wa akiba wa Tolliver walisukuma mpira polepole. Zikiwa zimebaki dakika mbili walikuwa yadi kumi na moja kutoka kwenye mstari, na hawakuweza kusogea zaidi. Ndipo Wendell alipofanya jambo ambalo hata Mzee Purcell aliacha kupiga kelele alipoliona. Aliomba saa isimamishwe. Timu iliyo mbele kwa pointi hamsini haisimamishi saa. Hakuna anayefanya hivyo. Akatembea mpaka kwenye benchi akaweka mkono kwenye bega la Micah, na Micah akaanza kutafuta kofia yake ngumu chini ya benchi.

"Anakwenda wapi?" Glenna alisimama. "Ardith, anakwenda wapi yule? Si wamemtoa?"

Ardith alijua. Alijua kuliko mtu yeyote uwanjani, na ulimi wake ukasema bila kusita, "Anakwenda kupiga goti tu. Wanampa heshima ya kumaliza mechi. Ni mechi yake ya mwisho."

"Goti tu?"

"Goti tu. Kaa."

Glenna akakaa.

Vijana walijipanga. Hata wale watoto wa Ludmere walisimama wima, mikono viunoni, wakidhani ni goti. Micah aligeuza uso kwa kocha wake, akagusa goti lake mara moja, akiuliza. Wendell akatikisa kichwa. Akafanya ishara nyingine, mkono ukikata kwenda kulia. Micah alikaa namna ile kitambo kidogo, pengine kupumua mara mbili. Kisha akafanya alichoambiwa, maana kwa miaka minne alikuwa amefanya alichoambiwa na hakuwahi kudanganywa.

Aliupokea mpira akakimbia kulia, kwenye kona. Watoto wa Ludmere walishtuka wakiwa wamechelewa. Mmoja tu, kijana wa shingo nyembamba ambaye labda alikuwa hajamgusa mtu mchana kutwa, alikimbia kwa hasira ya kudanganywa, akajirusha chini kabisa, bega mbele. Micah alivuka mstari, na bega lile likamkuta gotini, mguu ukiwa umekanyaga.

Ardith alikuwa wima. Mikono yote miwili juu. "Sitini na tatu!" alipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. "Sitini na tatu, Hatcher! Umeziona? Zihesabu!" Jukwaa lote lilikuwa linaruka, mabati yalikuwa yanalia, na kabla mpigaji hajaongeza ile pointi moja tayari walikuwa wanaimba namba hiyo. Ilichukua muda kabla hajagundua kwamba aliyekuwa pembeni yake hakuwepo. Ua la njano lilikuwa chini, na Glenna alikuwa anateremka ngazi akiwasukuma watu kwa viwiko, akiita jina la mwanawe.

Micah alikuwa hajanyanyuka. Mguu wake ulikuwa umeelekea mahali ambapo miguu haielekei.

Ardith aliishika nguzo ya jukwaa. Alimwona daktari wa timu akikimbia, akamwona Wendell naye akikimbia, akapiga magoti karibu na kijana wake, akamshika kichwa. Hapo moyo wa Ardith ulitulia kidogo, angalau kakimbia. Halafu aliona jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliona, kwa sababu hakuna mwingine anayeijua shingo ya Wendell kama yeye aliyeiosha. Akiwa pale magotini, mkono ukiwa kwenye kichwa cha Micah anayelia, Wendell aliinua uso, akatazama ng'ambo ya uwanja kuona Hatcher amelichukuliaje.

Mechi ilipoisha makocha walikutana katikati. Hatcher alinyoosha mkono kawaida. "Hongera," alisema, na waliokuwa karibu walisikia. "Kijana wako wamempeleka wapi?"

"Hospitali ya mjini," alijibu Wendell.

"Sasa unafanya nini hapa na mimi?"

Hakumpigapiga shavu. Alikwenda zake. Wendell akabaki amesimama na mkono wake hewani, waandishi wakamjia na maswali, akawajibu.

Chumba cha kungojea hospitalini kilikuwa na viti vya plastiki na mashine ya soda. Glenna alikuwa amekaa peke yake na kofia ngumu ya Micah mapajani. Ardith alikaa kiti cha pili. Walikaa hivyo kama nusu saa, ndipo Glenna aliposema bila kumgeukia:

"Ulijua?"

"Glenna, dada yangu—"

"Nakuuliza swali dogo. Uliponiambia ni goti tu. Ulijua?"

Ardith alitafuta jibu jingine, na lilikuwepo, kwa sababu mdomoni majibu hayakosekani. Lakini alikuwa amechoka. "Nilijua."

Glenna aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu akaona ndiyo hiyo aliyoitarajia. Wendell alipofika na koti lake la timu, simu yake ililia kabla hajaketi, akatazama jina, akatoka nje kuipokea. Kupitia kioo walimwona akitembea huku na huku kwenye ukumbi, anacheka.

Goti lilikuwa limekatika kila kilichokuwa kinalishika. Walilipasua mara mbili. Micah angetembea, daktari alisema, na kwa Krismasi ya mwaka unaofuata angetembea bila fimbo, lakini kuhusu kupanda nguzo alikunja karatasi yake tu. Kampuni ya umeme iliandika barua ya adabu.

Na Wendell aliitwa. Chuo kikubwa cha kusini, chenye uwanja wa watu elfu sitini, kilikuwa kimeona ubao ule wa sitini na tatu kwa sita, na kilitaka kijana mwenye roho ya namna ile. Alikuja kumwambia mama yake Jumatano, akamnyanyua juu kama mtoto.

"Mama! Umeona? Umeona tulichokifanya?"

"Nimeona," alisema Ardith. "Nishushe. Umekwenda kwa Micah?"

"Nitakwenda."

"Nenda leo. Kamwambie mbele ya mama yake kwamba ulikosea. Na useme mimi ndiye niliyekushauri."

"Mama, ule ni mpira. Watu huumia. Yeye mwenyewe kanitumia ujumbe kasema hana neno."

"Micah hajawahi kuwa na neno na mtu. Ndiyo maana uende."

"Nitakwenda, nimesema." Lakini alikuwa tayari anazungumza habari za nyumba, na za kocha mmoja huko kusini aliyemwita mkata nyasi wa milimani mbele ya watu. "Huyo naye," Wendell alisema, macho yakimwaka, "mpe miaka miwili tu. Nitamfanya ajute kuzaliwa." Alimtazama mama yake akingoja amwongezee makali, kama siku zote. Ardith alimwona mwanawe amesimama katikati ya jiko, mwanamume mzima mwenye njaa, na akajua ni njaa gani na nani aliyemzoesha chakula hicho.

Akahama wiki mbili baadaye. Hakupanda kule mlimani kwa akina Stidham.

Glenna alirudi kazini Januari. Mwalimu mkuu alimuuliza kama angependa kubadilishiwa zamu, akakataa. Walisimama pale pale, Ardith nyama, Glenna maharage, watoto wakipita na sahani zao. Siku ya tatu Ardith akashindwa.

"Glenna, nitukane. Nipige hata na huo mwiko. Usikae hivyo."

Glenna alimgawia mtoto maharage, akamfutia kidevu, akamwambia apite. Kisha akamgeukia Ardith, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anaomba chumvi.

"Mimi sikutukani. Mimi kila asubuhi namwombea mwanao. Naomba ashinde. Ashinde kila Jumamosi, ashinde tena na tena, mpaka asibaki na mtu wa kumwambia imetosha."

Mtoto aliyefuata alikuwa ananyoosha sahani. Ardith akamwekea nyama.

Septemba msimu ukaanza. Wendell alishinda Jumamosi ya kwanza, akampigia mama yake simu kutoka uwanjani, kelele za watu elfu sitini zikiwa nyuma yake. Ardith akamuuliza kama amempigia Micah. Akasema atampigia. Jumamosi ya pili akashinda, na ya tatu akashinda kwa pointi hamsini, na ya nne Ardith alikaa sebuleni na redio imezimwa, simu ikilia mezani mbele yake, ikalia mpaka ikanyamaza, na hakuhitaji kuipokea kujua matokeo.